Tupeane uzoefu: matandazo bustanini, wewe unatandaza nini?

Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, nalima nyanya na chainizi nyuma ya nyumba. Mvua huku ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni jua, upepo na bili ya maji. Mimi natandaza nyasi kavu juu ya udongo, na tuta lililofunikwa ukifukua saa saba mchana unakuta unyevu wakati lile la wazi limeshapiga nyufa. Ila mwagilia kwanza ndo utandaze, udongo ukiwa mkavu maji yanaishia kwenye nyasi huko juu. Haya, na nyie mseme.

*Wa Bukoba:* Huku hiyo kitu ni ya tangu mababu, kibanja cha migomba na kahawa hakiachwi uchi. Wazee walikuwa wanakata nyasi kule rweya, yaani mbuga ya nyasi nje ya vibanja, wanabeba mpaka kibanjani, siku hizi nyasi zenyewe za kutafuta so tunatumia majani ya mgomba, na ule mgomba ulioshavunwa tunaupasua vipande tunalaza katikati ya mistari. Usisogeze hadi kwenye shina jamani, magogo yanayooza pale ndo maskani ya fukusi, wale wadudu wa migomba.

*Wa Ifakara:* Pumba za mpunga! Zimejaa kwenye mashine za kukoboa na watu wanazichoma tu, inaniuma sana. Kwa mchicha na vitunguu ni safi maana ni laini, miche haibanwi, shida ni upepo, kwa hiyo nikishamwaga narushia maji zitulie.

*Wa Kitui:* Hapa kwetu mchwa ndio balaa. Mabua ya mahindi ukitandaza leo, baada ya muda unapata ni udongo tu umebaki. Lakini mimi siachi, naongeza mengine, sababu nimeona wakiwa na mabua ya kula wanaiachia sukuma wiki yangu nafasi, na maji ya kununua kwa mitungi huwezi mwagilia shamba liko wazi, utaisha pesa.

*Wa Arusha:* Wanaotumia maranda ya seremala sikilizeni, yaacheni juu juu, msiyachanganye na udongo. Jirani yangu aliyalimia ndani pilipili hoho zake zikawa njano zote, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha mbao vinanyonya naitrojeni ya udongoni mmea unabaki na njaa. Na nyasi kateni kabla hazijatoa mbegu, sangari, lile gugu linalotambaa, ndo msiguse kabisa, kipande kimoja tu kikipata unyevu kinaota upya.

*Wa Dodoma tena:* Asanteni sana wakuu, hiyo ya sangari wengi hatuichukulii serious. Sasa mvua zikianza konokono wanajificha humo chini wanamaliza miche usiku, mnafanyaje?

*Wa Bukoba:* Miche ikiwa midogo vuta matandazo pembeni, acha kama kiganja kuzunguka shina, usiku pita na tochi uwaokote. Ikishakomaa rudisha.