Pell Grant imekatwa baada ya kuacha somo

Mdogo wangu anasoma Marekani, ana ukaaji wa kudumu, na hupata Pell Grant, msaada wa masomo wa serikali ya huko. Kaacha somo moja, krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 12 zikawa 9, msaada ukapungua. Ni sawa?

Jibu, Kampala: Ndiyo, dada, kama aliacha kabla ya siku ya chuo ya kuhesabu krediti. Tangu mwaka wa masomo 2024/25 krediti zake hugawanywa kwa 12 kupata sehemu ya msaada: 9 ni asilimia 75, 7 ni 58. Dola 3,600 za muhula hubaki 2,700. Baada ya siku hiyo kiasi hakiguswi, ila somo ambalo hakuhudhuria hata mara moja huondolewa hata hivyo.

Jibu, Mbarara: Tafadhali asiache masomo yote! Akiondoka siku ya 30 kati ya 100 za muhula, amestahili asilimia 30 ya msaada. Iliyozidi hurudishwa, na chuo humdai ada. Akivuka asilimia 60 ya muhula, hakuna kurudisha.