Tupeane uzoefu: wimbo wa Malaika ulikukuta wapi?

Mbagala_Mwisho: Wakuu, jana kwenye daladala dereva kaweka Malaika, ile ya Miriam Makeba. Gari zima kimya. Nikamkumbuka marehemu baba, alikuwa akiupigia mluzi kila akinyoa ndevu. Nyie uliwakuta wapi?

Mama_Wawili: Harusini kwangu. Nililia hadi wanja ukafika shavuni.

Mwanataita: Kabla ya Makeba kuna Fadhili William, mtoto wa Taita. Aliurekodi Nairobi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tusimsahau mwenye wimbo.

Mzee_wa_Rumba: Mwenye wimbo yupi? Mzee Adam Salim, Mtanzania, alidai aliutunga 1945.

Mwanataita: Kudai si kuthibitisha, mkuu.

Solo_Tanga: Hayo ya mtunzi mtamalizana wenyewe. Mwaka 1998 nilikuwa napiga gitaa la solo kwenye bendi moja hapa Tanga. Nilikuwa na mchumba, mwaka wa tatu. Wajomba zake wakataja mahari, nikaomba muda, wakakubali. Miezi minne baadaye nasikia kwa jirani kwamba ameposwa na mfanyabiashara. Sikumlaumu. Kumbe bendi iliyokodiwa kwenye harusi ni yetu. Nilitaka nisiende, lakini kodi ya chumba nilikuwa nadaiwa.

Saa nne usiku bwana harusi akaja mwenyewe jukwaani, akaomba Malaika. Mwimbaji wetu alikuwa ameenda kula, nikaimba mimi. Nilipofika pale pa kukosa mali, bibi harusi akainama, akawa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Mumewe hakujua lolote, na hakuwa mtu mbaya. Alifurahi, akaja kunituza, akanibandika noti ya elfu tano kipajini. Ikaganda pale kwa jasho hadi wimbo ukaisha. Kodi nililipa kwa noti ile.

Mama_Wawili: Jamani! Uliumalizaje?

Solo_Tanga: Nilifumba macho.

Mbagala_Mwisho: Ungetoroka naye usiku uleule.

Mama_Wawili: Usimpotoshe mwenzio! Kaka, ulifanya la heshima.

Mzee_wa_Rumba: Nimepiga harusi miaka ishirini. Bendi zisiupige harusini, kile ni kilio cha aliyekosa.

Mama_Wawili: Sikubali. Mume wangu aliniposa kwa shida, na sisi ulikuwa wetu.

Niko_Stockholm: Huku natunza wazee. Bibi mmoja Mswidi, hata jina langu halishiki, aliniimbia Malaika kwa Kiswahili nikimvalisha soksi. Kumbe Hep Stars, kundi alilokuwemo Benny Andersson kabla ya ABBA, waliurekodi 1967. Nilikaa sakafuni, soksi ya pili mkononi, hadi akamaliza.

Mwanataita: Na kwenye santuri hiyo waliandika mtunzi nani?

Mama_Wawili: Acha kwanza. Solo, hamkuonana tena?

Solo_Tanga: Tulionana 2011 hospitalini, kila mtu na mgonjwa wake. Akaniuliza kama bado napiga gitaa. Nikamwambia napiga.