Ngozi za fisi maji: mnunuzi kanishushia gredi, kwenye kuwamba nakosea wapi?

Mtegaji_Mpya

Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa ngozi, hasa ngozi za manyoya. Niko Marekani, leseni ya kutega ninayo na jimbo ninaloishi linaruhusu fisi maji kipindi cha baridi, kwa hiyo wale wa kuniuliza uhalali nimeshawajibu mapema.

Msimu huu nimepata watano. Wawili wa kwanza nikawachuna, nikakwangua, nikawamba kwenye ubao, zikakauka, nikazipeleka kwa mnunuzi nikiwa kifua mbele maana zilikuwa ndefu kweli kweli, nilizivuta mpaka mikono ikauma. Yule mzee hata dakika mbili hazikuisha. Akapuliza manyoya, akapapasa shingoni, akageuza mkia, akanirudishia akisema hizi nachukua kwa bei ya chini kabisa. Sababu zake: nimezivuta kupita kiasi, shingoni mafuta yameunguza ngozi, mkia unanyonyoka nywele, halafu moja mgongoni manyoya ya juu yamejikunja ncha. Hilo la kujikunja ndo sikulielewa kabisa.

Waliobaki watatu wako kwenye friza, wakiwa kamili, sijawachuna bado. Sitaki kuwaharibu na hawa. Nianzie wapi?

KibokoYaMada

Fisi anaishi kwenye maji siku hizi?? 😂 dunia imeisha

Mtegaji_Mpya

@KibokoYaMada haha mkuu siyo fisi yule wa usiku. Huyu ni yule mnyama mrefu mwenye miguu mifupi na mkia mnene, anakula samaki.

Mzee_wa_Fremu

Kijana mimi nimewamba ngozi za mbuzi miaka na miaka. Usihangaike. Chuna, pasua tumboni ifunguke yote, mwagia chumvi ya kutosha, toboa matundu pembeni, funga kamba kwenye fremu ya miti, weka kivulini siku kadhaa, kwisha kazi. Mbao za nini tena.

MpiniMbili

Mzee wangu shikamoo, kwa mbuzi uko sahihi ila hapa utampoteza kijana. Fisi maji hapasuliwi tumboni. Anachunwa kama soksi, ukimpasua katikati mnunuzi wa manyoya anaona umemharibia. Na chumvi ni ya ngozi inayokwenda moja kwa moja kwa mtengeneza ngozi au kwa wale wanaojaza wanyama wa maonyesho, mnunuzi wa manyoya anataka ngozi iliyokauka kwa hewa tu.

Sasa @Mtegaji_Mpya, nakuandikia kwa urefu maana makosa yako yote niliwahi kuyafanya, hilo la kuvuta mno niliyafanya misimu miwili mfululizo sijui nilikuwa nafikiria nini.

Kuchuna kwenyewe: kata kutoka kisigino mpaka kisigino kupitia nyuma ya mapaja, zunguka sehemu ya haja, halafu pasua mkia kwa chini kuanzia shinani mpaka nchani, yani mpaka nchani kabisa. Usidhani utauchomoa mfupa wa mkia kwa kuvuta kama wanavyofanya kwa wanyama wengine, wa fisi maji mnene na umeng'ang'ania, utautoa kwa kisu taratibu. Mwili nao hivyo hivyo, ngozi imeshika nyama kila mahali, ni kazi ya kisu mwanzo mwisho. Ukifika masikio, macho na midomo punguza mwendo.

Kukwangua ndo kwenye hela yako. Kabla hujaweka ngozi kwenye gogo la kukwangulia chana manyoya yote, toa miba, matope na vinyoya vilivyoshikana, kwa sababu kitu chochote kilichovimba chini kisu kikipita juu yake kinatoboa. Kisha valisha ngozi kwenye gogo manyoya yakiwa ndani. Tumia kisu cha mipini miwili na kiwe na makali ya kweli. Wanyama wengine unasukuma mafuta kwa upande butu yanaondoka, huyu hapana, ana utando mgumu umekaa juu ya ngozi, hasa shingoni na mabegani, huo unanyolewa. Anzia nyuma ya masikio ushuke kuelekea mkiani. Unanyoa mpaka unaona ngozi nyeupe safi, lakini ukianza kuona vidoti vya mizizi ya manyoya SIMAMA hapo hapo, umeshaenda mbali. Ngozi moja inaweza kukuchukua saa nzima au zaidi ukiwa mgeni na hakuna ubaya.

Shingo yako iliungua kwa sababu uliacha mafuta pale, nakuhakikishia. Mafuta yakibaki yanaingia kwenye ngozi wakati inakauka, na kama ulikuwa karibu na jiko ndo mbaya zaidi. Kwa macho inaonekana ngumu tu, ila ikifika kwa wa kuitengeneza pale panakatika kama karatasi. Mnunuzi anajua ndo maana anapapasa.

Mtegaji_Mpya

@MpiniMbili aisee umenisoma kama ulikuwepo, nilikausha kwenye chumba chenye jiko la kuni ili ziwahi 🤦🏾‍♂️ Sasa kwenye urefu, si wanalipa kwa saizi? Nikivuta si inapanda saizi?

MpiniMbili

Wanapima urefu kweli, lakini fikiria manyoya ni yale yale, hayaongezeki. Ukivuta unayatawanya. Fisi maji anasifiwa kwa manyoya ya ndani, yale malaika mazito yanayozuia maji yasifike mwilini, ukipuliza hutakiwi kuona ngozi kirahisi. Yule mzee alipopuliza akaona ngozi, habari ikaishia pale. Unapanda saizi moja unashuka gredi, hesabu haikubali.

Ubao uwe mrefu kuliko ngozi pamoja na mkia wake, futi 5 kupanda, uchongoke kichwani na uwe umepigwa msasa. Upande wa nyama uwe nje, ngozi hii inauzwa hivyo hivyo, haigeuzwi. Pua kwenye ncha, mgongo upande mmoja tumbo upande mwingine, hakikisha haijapinda, vuta chini mpaka mikunjo iishe kisha piga pini. Mikunjo ikiisha na wewe umemaliza. Miguu ya nyuma itandaze pembeni uibane kwa pini, ya mbele ikate fupi. Na usisahau kabari! Kijiti chembamba bapa unakipitisha kati ya ubao na tumbo kabla haijakauka, ikikauka unachomoa kabari ngozi inalegea yenyewe. Bila hivyo utang'ang'ana nayo mpaka uichane.

Bi_Makali

Naongezea mkia maana hapo wengi mnapita mbio. Nywele kunyonyoka maana yake umeoza kabla haujakauka. Mkia wa huyu mnyama una mafuta na nyama nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo unakwanguliwa kama mwili, mpaka pembeni mpaka ncha. Halafu unatandazwa wazi kwenye ubao na kupigwa pini nyingi, karibu karibu, pande zote mbili. Ukiuacha ujikunje hata kidogo kule ndani ya mkunjo hewa haifiki na siku mbili tatu harufu inaanza.

Na hao wa kwenye friza mdogo wangu, usiwayeyushe kwa maji moto wala karibu na hita. Waache sehemu ya baridi wayeyuke taratibu mpaka kisu kipite bila kukuta barafu. Ukiharakisha, nje inaanza kuharibika ndani bado jiwe. Ukishachuna na hauna muda wa kukwangua siku hiyo, viringisha ngozi manyoya yakiwa nje, mfuko wa plastiki, rudisha friza. Mmoja mmoja ndugu yangu, usiyeyushe wote watatu kwa pamoja kwa tamaa.

Mtegaji_Mpya

Asante sana dada @Bi_Makali. Na yale manyoya kujikunja ncha ni jiko pia?

Bi_Makali

Hapana, hilo usijilaumu. Kuna fisi maji anakuja hivyo hivyo kutoka porini, ncha za manyoya ya juu zimejikunja kama zimepitiwa na moto. Inatokea zaidi msimu ukisogea mwishoni. Huyo alikamatwa lini?

Mtegaji_Mpya

Wiki ya mwisho ya msimu 😅 Kumbe.

Bi_Makali

Basi ndo hiyo. Wa friza wapapase mgongoni kabla hujachuna utajua unauza nini.

Chungulia_Tu

Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo, na sisi tulioko nyumbani Afrika Mashariki tunaweza kufanya hii biashara? Huku mtoni nawaona.

MpiniMbili

@Chungulia_Tu waache waogelee mkuu. Huko ni wanyamapori wa serikali, kuwakamata bila kibali ni kesi, tena kesi nzito. Na fisi maji wote duniani wako kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ngozi haivuki mpaka kienyeji. Hata huyu mwenzetu wa Marekani kila ngozi yake lazima ifungwe tagi na watu wa wanyamapori wa jimbo ndo iuzwe nje. @Mtegaji_Mpya tagi usiikate wala kuihamisha, acha ilipofungwa.

Mtegaji_Mpya

Tagi ipo mkuu, hilo sichezi nalo.

Mrejesho: wa kwanza nimemaliza jana usiku. Kukwangua saa moja na nusu, mgongo sina, nimetoboa sehemu moja ndogo karibu na kwapa nikashona kabla ya kuwamba. Nimetoa jiko kwenye hesabu, nimehamia stoo yenye nyuzi kama 15 na feni inapuliza upande siyo usoni. Kwenye ubao imekuwa fupi kuliko zile za mwanzo ila nikipitisha vidole mkiani manyoya hayanyonyoki. Tatizo pini zimeniishia nusu ya mkia.

Bi_Makali

Chukua wavu wa waya mgumu wa matundu madogo, kata kipande cha upana wa mkia, laza juu yake, bana wavu pembeni kwa misumari michache. Mkia unakaa bapa na hewa inapita. Ila fanya sasa hivi, usisubiri kesho.

Mtegaji_Mpya

Naenda.