Nataka kujenga Hamugembe, fundi anasema tetemeko halina dawa. Ni kweli?

mwl_wa_ziwani
Habari zenu wakuu. Nina kiwanja Hamugembe hapa Bukoba, msingi umeshaisha na kozi tatu za tofali za kuchoma zimepanda. Tar 10 Septemba 2016, siku ya tetemeko, nilikuwa kwa mama, mchana ule wa saa tisa, ukuta wa jikoni ukaachana na wa pembeni pale kwenye kona mpaka nikaiona migomba ya nje na jirani anakimbia na mtoto mgongoni, halafu ukalala mzima mzima kwa nje. Sisi Mungu alituponya, mkoani wenzetu 17 walifariki. Sasa fundi ananiambia tetemeko halina dawa, niongeze tu saruji kwenye plasta. Naogopa kuwalaza wanangu humo. Mwenye utaalamu anisaidie jamani, bajeti yangu ni ya mwalimu.

injinia_mstaafu
Pole sana mwalimu. Hapo kwenye "ukuta ukaachana kwenye kona" ndo pana jibu lako. Ukuta wa tofali ukiugandamiza toka juu unabeba mzigo mkubwa, ila ukiusukuma ubavuni unapasuka mapema, na tetemeko linasukuma ubavuni. Lile la kwetu lilikuwa la ukubwa wa 5.9, kuna nchi linapita la hivyo na watu wanarudi mezani kula. Plasta haishikilii kitu, kinachotakiwa kuta zote nne zifungwe zisimame pamoja kama boksi.

Fanya hivi: jenga ukuta kwanza, kwenye kila kona acha meno, yaani tofali moja itokeze nyingine irudi ndani, halafu simamisha nondo nne na mwaga zege humo humo kati ya meno, zege inang'ata ukuta. Mafundi wengi wanaanza na nguzo halafu wanachomeka tofali, ukuta unabaki haujashikana na nguzo. Lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango, usiikatie juu ya mlango na dirisha, izungushe nyumba nzima, na nondo zake kwenye kona zipinde ziingie upande wa pili sm 60 hivi, hapo ndo watu wanaibia. Juu tena, chini ya paa, mkanda mwingine. Na paa piga la pande nne, ule ukuta wa pembetatu wa paa la pande mbili huwa wa kwanza kudondoka.

mama_K_Kashai
Asante injinia, na sisi wenye nyumba za zamani zilizojengwa kwa udongo tufanyeje? Yangu ina nyufa toka mwaka ule, nimeziba kwa plasta zinarudi palepale. Marehemu bibi aliishi kwenye msonge wa miti na nyasi, yale yalikuwa yanayumba tu, hayana tofali la kumwangukia mtu.

injinia_mstaafu
Mama K, kasome habari za Peru. Tetemeko la 1970 liliua watu kama elfu 70 kule na nyumba nyingi zilikuwa za tofali za udongo kama zetu, ndo chuo kikuu cha Katoliki cha Lima kikaanza kujenga vijumba vya udongo na kuvitikisa kwenye meza ya maabara wakiangalia vinaanzia wapi kupasuka. Wakafunga wavu wa waya ndani na nje ya ukuta, wa nje na wa ndani ukaunganishwa kwa waya unaotoboa ukuta, halafu plasta juu. Lilipokuja la Pisco, hukohuko Peru, 2007 kuna nyumba zilizofungwa hivyo zilibaki zimesimama. Ukuta unaweza kupasuka ila hauanguki, mtu anapata muda wa kutoka. Anza na chumba wanacholala watoto, kwenye kona.

fundi_wa_Kamachumu
Mimi fundi miaka 19, nasema ukweli, hizi habari za meno na kupinda nondo hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa mjomba na yeye alijifunza kwa mwenzake. Ringi, zile za kuzungushia nondo za nguzo, tunazifunga kwa kukunja nyuzi tisini, nasikia inatakiwa ncha iingie ndani kabisa?

injinia_mstaafu
Ndiyo fundi, ncha ikunjwe mpaka iangalie katikati ya nguzo, ya tisini inafunguka zege likipasuka. Kama kuna mafundi kumi wako tayari nakuja, mtaandaa tofali na nondo kidogo tujenge kona moja kwa mikono.

mwl_wa_ziwani
Kona yenyewe iwe ya kwangu basi, Jumamosi saa mbili. Nimemsomea fundi wangu uzi wote, amekubali kubomoa zile kozi tatu kwenye kona aanze upya na meno. Fundi wa Kamachumu njoo na wenzako, chai na chakula ni juu yangu.