Luther: baba wa shule kwa wote, au baba wa kukariri?

Kuna ndugu amesimama kidete kwamba bila Martin Luther, Mjerumani aliyeongoza matengenezo ya Kanisa karne ya 16, mtoto wa mkulima asingelijua darasa. Nakubaliana naye nusu. Nusu ya pili nabisha, maana inawagusa hadi leo watoto wetu wa kipaimara, wanaofundishwa imani ili wathibitishwe kanisani.

Ninachokubali ni barua ya 1524. Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani: kila mwaka mnatoa fedha za bunduki, barabara, madaraja na mabwawa, mnashindwaje kumlipa mwalimu mmoja au wawili? Akataka na wasichana wasome, japo saa moja kwa siku. Mwaka 1530 akaongeza kwamba kama mtawala anaweza kumlazimisha raia kushika mkuki vita ikija, basi anaweza kumlazimisha apeleke mwanawe shule. Na hayakuishia kwenye karatasi. Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, mji alioishi Luther, alikwenda Hamburg kupanga mambo ya kanisa na shule, na shule ya Johanneum aliyoianzisha huko mwaka 1529 ipo mpaka sasa.

Lakini katikati hapo kuna kitu kilibadilika. Vita vya Wakulima vya 1525, maasi ya wakulima wa Ujerumani dhidi ya mabwana zao, vilikuwa vimepita, na ukaguzi wa sharika za Saxony, eneo alikoishi, ukamwonyesha Luther watu wa vijijini wasiojua hata Sala ya Bwana. Akaandika Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, 1529. Isomeni dibaji yake. Wachungaji wachague maneno ya namna moja, wasibadilishe hata silabi. Asiyetaka kujifunza asipewe Chakula cha Bwana, na wazazi na mabwana wake wamnyime kula na kunywa. Aliyeandika haya ndiye yuleyule aliyetafsiri Agano Jipya mwaka 1522 ili mtu wa kawaida ajisomee!

Najua nitakavyojibiwa: dibaji hiyohiyo inaagiza kwamba wakishakariri, wafundishwe maana. Ni kweli, na kitabu chenyewe kimejaa swali moja, "Maana yake nini?" Ila darasani kwetu hatua hiyo hatukuifikia. Nikiwa na miaka 14 niliuliza: katekisimo inasema tumche Mungu na kumpenda, sasa unampendaje unayemwogopa? Mwalimu alifunga kitabu kidole kikiwa ndani ya ukurasa, akasema, "Jibu limeandikwa. Rudia." Nikarudia. Nikabarikiwa kipaimara bila kukosea neno, na swali langu nikarudi nalo nyumbani.

Kwangu mimi Luther aliwafungulia watoto mlango wa shule, kisha akamkabidhi mtawala na mchungaji ufunguo. Anayeniona namwonea aje na hoja.

Na ninyi mnaofundisha kipaimara Jumamosi hizi, mtoto akiwauliza lile swali langu, mnamjibu nini?