MJADALA: Zimwi siku hizi linacheza disko. Katuni za hadithi zinawapa watoto wetu hadithi au kelele?

MamaZai_Ujiji
Habari za jioni wana Kigoma na majirani zetu wa Tabora. Nina jambo limenikaa rohoni tangu juzi. Umeme ulikatika, TV ikazima katikati ya katuni, mama yangu akawaita wajukuu barazani akawaambia njooni niwatambie hadithi. Akawatolea ile ya zimwi na binti wa kwenye ngoma, wengi mmekua nayo: binti kasahau shanga zake mtoni, wenzake wakakataa kumsindikiza, karudi peke yake, zimwi likamdaka likamtia ndani ya ngoma, basi likawa linapita kijiji kwa kijiji, likipiga ngoma binti anaimba mle ndani, watu wanashangaa wanalilisha wanalinywesha. Mama kafika pale anapoimba, mwanangu mdogo wa miaka sita akamkata kauli: bibi mbona huo wimbo wa huzuni, aimbe wa kucheza basi. Na Zai ambaye ana tisa akauliza sa hilo zimwi linachekesha saa ngapi. Mama yangu alinyamaza kabisa. Akasema tutamalizia kesho, na hiyo kesho mpaka leo haijafika.

Mimi nasema wazi, tangu Shrek, ile katuni ya zimwi la kijani, ilipotoka 2001 kila katuni ya hadithi lazima iwe na wimbo wa redioni na mnyama mmoja anaropoka mwanzo mwisho hapumui. Mfalme ni wa kuchekwa, zimwi la kuchekwa, binti mfalme anarusha mateke hewani. Hakuna kinachotisha wala kinacholiza. Mtoto hajawahi kuogopa zimwi atajuaje raha ya binti kuokoka? Naomba maoni ila matusi hapana.

Fundi Flashi (Mwanga)
Shikamoo mama Zai. Mimi ndo nawaingizia watu muvi kwenye flashi hapa Mwanga kwa hiyo umenigusa mle mle. Wazazi wenyewe ndo mnakuja, niwekee katuni ya kuchekesha watoto watulie nipike. Sijawahi kumwona mzazi hata mmoja kaja kusema niwekee ya kuliza. Na hiyo Shrek ndo katuni ya kwanza kabisa kuchukua Oscar ya filamu ndefu ya katuni, hawakupewa kwa kelele. Ule wimbo wa mwanzo ulishatoka 1999 na ule wanaocheza mwisho kabisa asili yake ni 1966, maana yake baba anaujua, babu anaujua, mtoto anaupenda, wote wanakaa kochi moja. Ndo maana ya katuni ya familia. Mnataka baba asinzie?

Mwalimu wa Kasulu
Fundi, hoja ya mama Zai umeikwepa. Kwenye hadithi ya ngoma wimbo sio pambo, wimbo ndo ufunguo wa hadithi yenyewe. Zimwi likifika kijiji cha kwao na binti, mama mtu anasikia sauti na maneno ya yule binti, ndo anajua mwanangu yumo humu. Sa weka pale wimbo wa redioni ambao kila binti wa tarafa nzima anauimba, mama atamtambuaje? Kazi yote ya wimbo imekufa. Hapo ndipo naziona katuni nyingi zinakosea, zinaazima wimbo kwa sababu watu tayari wanaupenda.

Ila tusizitupe zote kapu moja. Chukua Frozen ya 2013. Yule dada wa barafu, Elsa, mwanzo walikuwa wanamwandika awe mbaya wa hadithi. Watunzi wa nyimbo walipoleta ule wa Let It Go, waandishi wakaona huyu mtu hawezi kuwa mbaya tena, wakaipindua hadithi nzima ili imfuate wimbo. Hapo wimbo umezaa hadithi. Huo ni wimbo wa kisasa kabisa na sina ugomvi nao hata kidogo.

Bint Buzebazeba
Mimi niongeze la kuliza. Ile hadithi ya nguva mdogo, mwandishi wake Andersen wa Denmark aliitoa 1837 na mle nguva hampati mwana wa mfalme, anageuka povu la bahari. Katuni ya 1989 wameweka kaa anaimba na harusi juu yake. Nilipoisoma ile ya zamani nikiwa sekondari nililia kweli, na mpaka leo naikumbuka kuliko katuni. Sisemi mtoto wa miaka sita apewe povu. Nauliza tu, akifika kumi na mbili nani atampa?

Nyuki wa Sikonge
Mwalimu nakuunga mkono. Lakini jamani tusiwasingizie Wamarekani peke yao, waharibifu wakubwa ni hawa madijei wanaotafsiri, wanaoweka sauti yao ya Kiswahili juu ya filamu. Mwaka jana nilikuwa Kigoma, nikaingia kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video, na watoto wa dada yangu, katuni ya binti mfalme. Wimbo ukifika dijei anasema "hapa anaimba mapenzi" halafu anasalimia washkaji zake mpaka wimbo unaisha. Watoto wamekaa wanamsikiliza yeye badala ya binti. Na Kiswahili chenyewe cha Kigoma kilishavuka ziwa kikarudi kimelowa, mtoto atatambiwa hadithi gani kwa Kiswahili kile?

Kaka Mgebuka
Hebu wa Sikonge rudi hapo ulipoishia. Kimelowa nini? Ujiji watu walikuwa wanaongea Kiswahili barazani kabla Stanley hajafika kumtafuta Livingstone 1871. Bibi zetu wametamba kwa Kiswahili hicho hicho miaka yote, leo mtu wa porini kwenye mizinga anakuja kutupimia lugha.

Nyuki wa Sikonge
Kaka, hicho Kiswahili kilifikaje Ujiji? Kiliruka? Msafara ulitoka Bagamoyo ukatua Tabora, ukapumzika, ukala, ndo ukaja kwenu. Mmepokea kwetu kikiwa kimepoa. Na huyo Livingstone wenu Stanley alimleta Kwihara, hapa hapa Tabora, akakaa nyumba ya Tabora miezi kadhaa mwaka uliofuata, mbona hamsemi?

Kaka Mgebuka
Alikaa kwenu kusubiri mizigo. Kwetu alikuja kutafutwa.

Dogo Kibondo
Sa hii imekuwa historia ya darasa la tano. Mada ilikuwa katuni wakubwa.

Fundi Flashi (Mwanga)
Mimi siondoki hapa kwenye dijei maana hiyo imeniuma. Wewe wa Sikonge umekulia wapi hujui kazi ya Lufufu mtafsiri wa filamu? Enzi za kaseti za VHS watu hawakuwa wanaelewa Kiingereza hata neno, yule mzee kawaingiza Watanzania kwenye filamu kwa sauti yake peke yake, anakuwa jambazi, anakuwa polisi, anakuwa mke wa jambazi. Bila watafsiri mtoto wa Kigoma angeangalia midomo inacheza tu. Na wanachofanya ndo kile kile cha bibi barazani, anaweka jina la mtaa wenu, anamtania aliyekaa mbele, watu wanaishi ndani ya hadithi. Wewe unaita uharibifu, mi naita kutamba. Tafadhali uwaombe radhi.

Nyuki wa Sikonge
Lufufu namheshimu na wala sikumtaja. Nimesema yule niliyemsikia mimi. Lufufu alikuwa anaifuata filamu, huyu filamu ilikuwa inamfuata yeye. Hiyo ya kutania nakubali. Ya kusalimia washkaji juu ya wimbo wa binti anayelia siombi radhi.

Mjomba wa Urambo
Mnabishana Kiswahili cha Kigoma na cha Tabora wakati Kiswahili chenu wote kimeshasajiliwa Marekani. Ule wimbo wa bendi ya Them Mushrooms wa hakuna matata walichukua wakaweka kwenye katuni ya Lion King wakaufanya mali yao, na sisi tumekaa.

Mwalimu wa Kasulu
Mjomba umechanganya vitu viwili. Wa Them Mushrooms wa Kenya ni Jambo Bwana, wa 1982, na ndani yake maneno ya hakuna matata yamo. Ule wa Lion King 1994 ni wimbo mwingine, wametunga Elton John na Tim Rice. Kilichosajiliwa 2003 ni maneno hayo mawili kama alama ya biashara, kwenye fulana na nguo, ndo maana 2018 watu wakaanza kukusanya saini mtandaoni kupinga. Inauma, nakubali, lakini sio kwamba walichukua ule wimbo.

Mjomba wa Urambo
Wimbo au maneno, kilichoondoka ni cha kwetu. Na hapa Tabora nani anasema hakuna matata? Tunasema hamna shida. Wametengeneza Kiswahili cha watalii na watoto wetu wanakileta nyumbani.

Kaka Mgebuka
Hapo nimekuelewa mjomba. Hapo tuko pamoja. Ila wa Sikonge bado nina hesabu naye.

Bint Buzebazeba
Nguva wangu hakuna aliyemgusa hata mmoja. Haya.

Mzee wa Bangwe
Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, macho yangu sio mazuri kwa hiyo imenichukua muda. Mwalimu unasema vizuri lakini bibi zetu hukuwajua. Mimi nilitambiwa hiyo hadithi ya ngoma miaka ya sabini na bibi yangu mzaa mama, na binti wake ndani ya ngoma alikuwa anaimba kwa mahadhi ya Tabora Jazz. Ndiyo, wimbo wa dansi wa redio. Bibi alikuwa anampenda sana mwanamuziki wao Shem Karenga kwa sababu ni mtoto wa huku kwetu kaenda kung'aa Tabora, na kila santuri mpya ikipigwa redioni ilikuwa usiku inaingia kwenye hadithi. Sisi watoto tulikuwa tunacheza kwanza mpaka vumbi, halafu ndo tunaogopa. Kwa hiyo kuazima wimbo sio jambo la Wamarekani wala la leo.

Mwalimu wa Kasulu
Shikamoo mzee wangu. Nauliza kwa heshima, na mama mtu alimtambuaje sasa?

Mzee wa Bangwe
Marahaba mwalimu. Mahadhi yalikuwa ya Tabora Jazz, maneno yalikuwa ya binti. Alikuwa anajitaja jina, anamtaja baba yake, anataja shanga, anataja wenzake waliomwacha. Mpiga gitaa wa Tabora alikuwa hajui hizo shanga.

Fundi Flashi (Mwanga)
Mzee umenimaliza. Hiyo ndo nilikuwa nataka kusema nikashindwa.

Mwalimu wa Kasulu
Hukutaka kusema hivyo Fundi, ulisema baba asisinzie. Lakini mzee nimepokea. Basi nirekebishe: kosa sio kuazima mahadhi, kosa ni kuazima mpaka maneno, binti anabaki hana la kwake la kumwambia mama yake. Na la vichekesho je, mzee? Bibi alikuwa anachekesha?

Mzee wa Bangwe
Sana. Zimwi likila alikuwa analiigiza, anajaza mashavu, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Ila akishaanza wimbo hakuna aliyecheka. Ukicheka pale anakutazama tu.

MamaZai_Ujiji
Mzee wangu shikamoo, na asante. Hilo la mwisho ndo lililokuwa linanisumbua nikashindwa kulisema. Hawa wa katuni hawana pa kunyamaza. Nimekaa na wanangu nikaangalia kwa makini juzi, kila mtu anapotaka kulia yule mnyama anaingiza neno, kama vile wanaogopa mtoto atazima TV. Shrek yenyewe nikirudisha maneno yangu nyuma kidogo, kuna pale katikati zimwi limerudi peke yake kwenye kinamasi chake, wimbo wa polepole, hakuna anayeropoka, na Zai pale alinisogelea. Sa zile zilizofuata nyuma yake zimeiga mateke na makelele, pale pa kinamasi hakuna aliyepaiga.

Na bint Buzebazeba nimekusoma mdogo wangu, nitampa Zai nguva wako akifika kumi na mbili, nikumbushe.

Bint Buzebazeba
Asante dada. Nitakukumbusha kweli.

Kaka Mgebuka
Mama Zai tuandikie basi maneno ya bibi Zai, wimbo wa mle ndani ya ngoma. Wengine tumesahau tumebakiza mahadhi.

MamaZai_Ujiji
Anavyoimba mama ni hivi:

*Nilirudia shanga zangu, shanga zangu mtoni*
*Wenzangu wakaniacha, wakaniacha njiani*
*Mwambieni mama ee, niko humu ngomani*

Halafu mama mtu analilewesha zimwi linalala, wanamtoa binti, wanajaza siafu mle ndani. Zimwi linakwenda mbele kupiga ngoma haiimbi, linafungua lione kulikoni.

Nyuki wa Sikonge
Siafu? Dada hapo mmepotea. Ni nyuki. Kwetu zimwi linanyweshwa wanzuki, pombe ya asali, mpaka linakoroma, ndo wanatiwa nyuki.

Kaka Mgebuka
Nilijua tu. Mtu wa asali kila kitu nyuki. Ni siafu, Ujiji yote ni siafu.

Dogo Kibondo
Na sisi Kibondo tuna asali na bado ni siafu. Bibi yangu kasema.

Mzee wa Bangwe
Bibi yangu alitia nyoka.

MamaZai_Ujiji
Zai kasimama nyuma yangu anasoma. Anauliza nyuki walitiwaje kwenye ngoma bila kumng'ata mama wa binti. Sina jibu. Wa Sikonge mjibu mtoto.

Nyuki wa Sikonge
Zai mwanangu sikiliza. Ngoma na mzinga vyote ni gogo lililotobolewa, nyuki hawaoni tofauti. Mama wa binti hakwenda mchana, alisubiri giza. Akawasha moshi wa majani mabichi akaupuliza pole pole mdomoni mwa mzinga, nyuki wakapoa. Akaegemeza mzinga kwenye ngoma, mdomo kwa mdomo, akaufukiza kwa nyuma, wakahama wenyewe mpaka wa mwisho. Akawamba ngozi. Zimwi lilikuwa bado linakoroma. Halafu mwite bibi hapo, muulize siafu wao waliwashika na nini.