Kitako cha bunduki ya babu kimechemshiwa chai!

Wakuu, mikono inatetemeka. Nimetoka kwa yule fundi sasa hivi. Yule yule. Tabora nzima mnamjua, hakuna nyumba ambayo hajaacha kilio.

Nimekuta kitako cha bunduki ya babu kiko jikoni kinachemsha chai. CHAI!

Babu alituachia BRNO ya Chekoslovakia, ya risasi za 30-06. Kitako chake cha kwanza kilipasuka mwaka wa vita ya Kagera, akachonga kingine mwenyewe kwa mninga wa Sikonge, akakisugua nta ya nyuki mpaka kikang'aa kama kisogo kilichonyolewa leo. Kwa nyuma alitia alama za kisu, moja kwa kila mnyama pofu aliyempiga kwa kibali. Kumi na moja. Sisi wajukuu wote tulijifunzia kuhesabu pale.

Sasa anayeingia porini ni mdogo wangu wa kike. Kibali cha kumiliki amekihangaikia polisi miezi 14, maana bunduki hairithiwi kama ng'ombe. Tabu ni mikono. Babu alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, huyu mfupi. Kutoka kwenye traiga mpaka mwisho wa kitako ni sentimita 36, akiiweka begani kidole hakifiki. Inamtaka 33. Nikafungua skrubu, mtutu na mtambo wake nikabaki navyo nyumbani, nikampelekea fundi mbao peke yake. Mstari wa penseli nilichora mimi. Selotepu ya kuzuia mbao isichanike niliibandika mimi. Nikamwambia mara saba: kipande utakachokata NITUNZIE. Siku akija mwindaji mrefu kinarudishwa kwa gundi na pini za mbao, na alama za babu zinarudi mahali pake.

Amekata sentimita saba! Tena mshazari, kama anakata muwa gizani. Mdogo wangu akifyatua 30-06 na kile kigutu, dole gumba linaingia puani na darubini inampasua nyusi.

Nauliza kipande kiko wapi. Hajibu, ananyooshea kidevu jikoni. Nageuka, sufuria inatokota, chini yake mninga wa babu! Alama tatu bado naziona, nane zimeshakuwa kaa. Halafu ananiambia: "Kwani ulitaka ukile? Kaa, chai inaiva."

CHAI INAIVA! Babu kalala na njaa porini siku nne kwa ajili ya alama moja, mtu anaivishia chai! Na nusu ya hela nimeshampa!

Mrina wa Ipole: Pole mkuu. Ila uzi bila picha ni chai.

Kijiwe Cheyo: Hii ni chai iliyopikwa kwa mninga kabisa.

Shabaha: Kosa lako. Kitako hakikatwi mpaka mwenye bega apimwe pale pale, kavaa nguo atakazowindia. Tafuta mpira mnene wa kitako, chini yake weka vipande vya mbao, utarudisha sentimita zako nne.

Mleta uzi: Na alama? Alama nazirudishaje?

Kijiwe Cheyo: Jibu kwanza, ulikunywa au hukukunywa?

Mleta uzi: SIKUNYWA!

Kijiwe Cheyo: Alikunywa huyu.

Mama Pacha: Afadhali yako. Mimi huyo huyo kanitengenezea kabati, droo zikiingia hazitoki. Sare za watoto zimo humo tangu Januari.

Tumbaku Daraja la Kwanza: Kabati kitu gani. Kanijengea bani la kukaushia tumbaku, moshi wote unatokea mlangoni. Tumbaku mbichi, mimi ndiye nimekauka.

Mleta uzi: Jamani, kipande kilikuwa na alama kumi na moja. Kinachemsha chai!

Mzee wa Ugalla: Mimi nashangaa 30-06. Nyati utampiga na nini? Nyati ni risasi ya .375 kwenda juu.

Shabaha: Nani kataja nyati? Pofu na swala, 30-06 inatosha na kubaki.

Mzee wa Ugalla: Gobore la babu yangu lilikuwa halichagui mnyama.

Mama Pacha: Lilikuwa na leseni?

Mzee wa Ugalla: Tusifike huko.

Shabaha: Gobore unapiga moja, halafu unaomba radhi wakati unashindilia baruti.

Mleta uzi: Wakuu, Julai msimu unafunguliwa, mdogo wangu hajaacha kulia. Nani anamjua fundi mwingine wa mbao za bunduki, hata Nzega?

Mrina wa Ipole: Hiyo nta ya nyuki aliyokuwa anapaka babu, bado ipo? Nanunua.

Tumbaku Daraja la Kwanza: Nta ninayo mimi, njoo PM.

Mama Pacha: Na asali je? Ndoo ya lita 20 inakwendaje sasa hivi?